Neno Lolote ni Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Ni manyunyu tu ya kulowesha nguo zilizoanikwa na kuwaudhi wenye nguo, mimi nikiwemo. Kazini Bosi ametutangazia kwamba msimu umeanza, kana kwamba ofisi haina madirisha, na akaniagiza niwashe programu ya king'ora. Nimeiwasha. Kila masika naanza shajara, na kila masika inanishinda katikati. Safari hii nitajikaza.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mgeni mmoja ofisini aliniuliza nafanya kazi gani hasa, nikajikuta nababaika. Basi niandike hapa, labda nitaelewa mwenyewe.

Huko juu mto unakotokea kuna nguzo zimesimikwa ndani ya maji, zimepakwa alama za sentimita. Kila nguzo ina msomaji wake. Msomaji anatazama maji yamefika alama ipi, anatuma kipimo kwa simu, na ujumbe wake unaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata yetu bila kupitia mkono wa mtu. Kila nusu saa programu yangu inaiuliza hifadhidata swali moja tu: kipimo kikubwa kuliko vyote leo ni kipi? Jibu likivuka mia na hamsini, king'ora kilichoko juu ya paa la stoo ya ofisi kinalia, na watu wa bondeni wanachukua watoto wao na kupanda juu. Maji yanachukua saa kadhaa kutoka kwenye nguzo hadi kwao. Muda unatosha kabisa, mradi king'ora kilie.

Mdogo wangu anaishi bondeni. Mumewe ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapo hapo nyumbani, na ni mtu wa utani tangu siku ya posa. Kila nikimpigia simu mdogo wangu namsikia mumewe akipaza sauti kutoka kwenye mashine yake kwamba shemeji asilale akawasahau.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ndogo. Nguzo ya juu kabisa bado imeandika "kavu".

Msomaji wa nguzo hiyo tumempachika jina la Bwana Kavu, kwa sababu kiangazi kizima neno lake ni hilo moja. Asubuhi kavu, jioni kavu. Vijana wa hesabu wakitaka kujua kama chai ipo wanauliza kama birika ni kavu. Hajui kama tunamwita hivyo. Nimemwona mara moja tu, mzee mrefu mwenye koti la mvua lililomzidi miaka.

Jumatano, 19 Machi

Imenyesha kutwa. Viatu vyangu vimeoza.

Alhamisi, 20 Machi

Alfajiri mdogo wangu alinipigia simu akiwa amesimama juu ya kitanda, mtoto begani. Maji yalikuwa yamewafika magotini. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniuliza tu, "Dada, hiki king'ora chenu kimekufa au?"

Hakikulia. Maji yaliingia, yakakaa kidogo, yakatoka. Hakuna aliyepoteza maisha. Vitambaa vya sare vya shule nzima vimelowa tope, na shemeji, nilipofika, alikuwa anavikamua kimoja kimoja bila kutania hata neno. Mtoto wao wa kike, ambaye mimi ni mama yake mkubwa, alikuwa amekaa juu ya meza anatazama kiatu chake kinavyoelea.

Ofisini Bosi alikuwa anatafuta wa kumwangushia jumba bovu na hakutafuta mbali. Nguzo ya juu ndiyo ya kwanza kuona mafuriko. Msomaji wake, alisema, amelala. Akamsimamisha kazi kwa simu, wala hakumpa nafasi ya kumaliza salamu. Mimi nikaongeza chumvi, nikasema yule mzee ameshazoea kuandika kavu hata akiwa blanketini. Watu wakacheka. Mwalimu peke yake hakucheka, nikadhani ana mafua.

Mwalimu ni mwenzangu wa meza ya pili. Hajawahi kufundisha darasa lolote, tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kukujibu kitu bila kukieleza kuanzia mwanzo wa dunia. Ndiye aliyenifundisha kazi hii yote.

Ijumaa, 21 Machi

Mzee hakulala.

Nilifungua jedwali la vipimo ili nimkute na kosa, nikakuta ujumbe wake umekaa pale umetulia: 165. Ameutuma jana saa saba usiku, muda wa kutosha wa kuamsha bonde zima. Nikaiuliza hifadhidata kwa mkono swali lile lile la programu, kipimo kikubwa cha jana ni kipi. Ikajibu 98.

Niliuliza tena, nikauliza na mara ya tatu kama mtu anayebishana na karani. Ikajibu 98, na hiyo 165 naiona kwa macho yangu mistari miwili chini yake.

Ilinichukua asubuhi nzima na hasira nyingi kuelewa. Ile safu ya vipimo si ya namba. Imeandikishwa kuwa safu ya maandishi. Kwa macho yangu 165 ni namba, lakini kwa hifadhidata ni herufi tatu tu zilizopangana, na inazipanga kama majina ya wanafunzi: inalinganisha herufi ya kwanza, zikilingana ndipo inatazama ya pili, basi. Kwa kuwa tisa inakuja baada ya moja, 98 inaipita 165 na hata 900 isingeikaribia. Maji yakiwa chini ya mita moja vipimo vyote vina tarakimu mbili, na majibu yanatoka sawasawa, mtu huoni kitu. Kosa linasubiri mto ujae ndipo lijitokeze.

Mwaka jana safu hiyo ilikuwa ya namba, nina hakika. Nikamuuliza Mwalimu nani ameigusa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akasema ni yeye, Januari.

Akanieleza, kuanzia mwanzo wa dunia. Kiangazi mto ukikauka wasomaji walikuwa wanatuma sifuri, na afisa utumishi akiona sifuri anaandika kwamba mtu hakwenda kazini. Ndipo wakaanza kutuma neno, ili ijulikane wamefika na wameona kwa macho kwamba hakuna maji. Hifadhidata ikawa inayakataa maneno yao, wakaonekana watoro zaidi. Walimlalamikia, akawahurumia. Akaigeuza safu ikubali maandishi, akaiambia programu iruke penye "kavu", akaendelea na shughuli zake. King'ora kilikuwa kimezimwa wakati huo, hakikumjia akilini.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, na nisingekumbuka kuiruka "kavu".

Jumatatu, 24 Machi

Bosi ametaka kosa lirekebishwe leo hii. Kuirudisha safu kuwa ya namba haiwezekani katikati ya msimu, maneno yamejaa humo. Kwa hiyo nimegusa swali badala ya safu: kabla ya kulinganisha, geuza kila kipimo kiwe namba.

Jaribio la kwanza programu ilianguka palepale, ikajizima na kulalamika kwamba haiwezi kugeuza "kavu" kuwa namba. Nikairuka "kavu", ikaanguka kwenye "KAVU". Nikarekebisha, ikaangukia "kavu kabisa". Ikaangukia "hamna maji". Ikaangukia "mchanga tu", nikacheka peke yangu. Na programu ikianguka king'ora hakilii, kwa hiyo kuanguka ndiko kubaya kuliko yote.

Nikatoa maneno yote yaliyomo tangu Januari nikayapitia. Yote yanasema jambo moja kwa midomo tofauti. Basi nikaiambia: ukikuta tarakimu, igeuze namba, ukikuta neno lolote, lihesabu sifuri. Ikapita kuanzia juu hadi chini bila kukwama. Nikauliza kipimo kikubwa cha tarehe ishirini, ikanijibu 165, nikapiga meza kofi hadi kikombe cha Mwalimu kikaruka.

Mwalimu alikuja akasimama nyuma yangu akasoma. Akasema ni safi.

Alhamisi, 27 Machi

Bwana Kavu amerudishwa kazini na Bosi hakuomba radhi, akanitupia mpira mimi. Nilimpigia simu nimejiandaa kutukanwa. Shikamoo yangu aliipokea kwa upole, akaniuliza habari za nyumbani, za wazee, za mvua za huku. Nilipofika kwenye samahani aliipokea kama mtu anayepokea mzigo usio wake, akauweka kando.

Kitu kimoja ndicho kilichomsumbua. Alitaka kujua aandike nini sasa, maana maneno yake ndiyo yameleta balaa. Nikamwambia, "Mzee, wewe andika unachokiona. Mashine sasa inaelewa."

Akasema, "Haya, binti. Nitaandika ninachokiona."

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa mdogo wangu, nikakuta mkokoteni mlangoni. Cherehani imefungwa kamba juu yake, imefunikwa mfuko wa mbolea. Shemeji amepata chumba kule juu karibu na shule. Ni kidogo, hakina dirisha la kueleweka, na wateja hawatamfuata huko, lakini maji hayafiki. Mdogo wangu hataki kuhama, hapa ndipo watu wanapomjua. Walikuwa wamenisubiri mimi niamue. Shemeji alisema mwenyewe kwamba mwenye king'ora ni mimi.

Niliwaeleza yote, safu na tarakimu na maneno. Mdogo wangu alisikiliza mpaka nusu, akaenda kuepua sufuria. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mashine yake.

"Kwa hiyo maji yakija, kitalia?"

"Kitalia, shemeji."

"Basi."

Akafungua kamba. Yeye na mwenye mkokoteni wakairudisha cherehani mahali pake karibu na dirisha. Kisha akachukua futi ya kitambaa shingoni, akasema kwa habari njema kama hiyo lazima anishonee gauni, akanipima mabega na kiuno huku akitamka vipimo kwa sauti na kuniambia nisiwe na wasiwasi, namba zake yeye hazigeuki maneno. Nimecheka hadi machozi. Muda mrefu sijacheka katika nyumba ile.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Paa la stoo linavuja.

Jumatano, 9 Aprili

Kimelia.

Nguzo ya juu ilituma 158, na ndani ya nusu saa king'ora kikaanza kuunguruma hadi vioo vya ofisi vikatetemeka. Sikumbuki kama niliketi au nilisimama. Bonde lote lilipanda kwenye uwanja wa shule, maji yakaja, yakalamba vizingiti, yakarudi. Bosi alinipa mkono mbele ya watu. Mwalimu alinipa chungwa lake la mchana.

Shemeji alinipigia kutoka uwanjani, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Alisema kimemkuta anasokota uzi na kimemfanya ajichome sindano, kwa hiyo nina deni la plasta.

Ijumaa, 18 Aprili

Sina la kuandika. Kikohozi.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua zinapungua. Mjini tumekaa siku nzima bila tone. Huko juu bado kuna mawingu.

Jumapili, 4 Mei

Jua safi. Nimefua mapazia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesoma huo mstari wa juu mara nyingi. Niliuandika mchana, mapazia yakiwa kambani, na wakati nauandika mto ulikuwa umeshafurika.

Jumapili ofisi inafungwa. Programu haifungwi, ndiyo maana tunayo. Huku mjini palikuwa na jua na watu walikuwa wametoa magodoro nje. Huko juu ilipiga mvua ambayo Bwana Kavu anasema hajaiona tangu apewe nguzo ile. Asubuhi alituma 120. Alipokwenda tena hakukuta nguzo. Maji yalikuwa yamepita juu yake, hakuna alama ya kusoma wala ncha ya kuonyesha mahali ilipo. Akasimama kwenye mvua na simu yake akaandika alichokiona.

Aliandika: nguzo imezama. Akatuma. Hakusikia lolote, akatuma tena. Mara ya tatu aliandika: imezama yote, watu watoke.

Zote zimefika, nimezikuta. Zimekaa katika safu yake ya maandishi, salama kabisa, na mbele ya kila moja swali langu limeweka sifuri. Nguzo za chini zilisomwa asubuhi tu, kabla maji hayajafika, kwa hiyo kipimo kikubwa cha siku ile ni 120. King'ora hakikuwa na sababu ya kulia.

Mdogo wangu alikuwa amepanda dukani na mtoto kununua sabuni. Hiyo ndiyo iliyowaokoa, sabuni. Shemeji alibaki kumalizia sare za watu. Haya mengine nimeyapata kwa kinyozi wa jirani yao. Anasema walisikia mvumo, watu wakaanza kukimbia, naye akapita dirishani kwa shemeji akamwita. Shemeji aliinua kichwa, akatega sikio.

"Akaniambia king'ora hakijalia," kinyozi alisema. "Akaniambia, shemeji yangu ndiye anayekiangalia, kungekuwa na kitu kingelia. Akainama tena kushona."

Walimpata Jumatatu. Tumemzika Jumanne. Kuna wengine watatu wa mtaa ule, nawajua kwa sura.

Kinyozi hakusema yale kunisuta, hakujua kwamba shemeji anayetajwa ni mimi. Nilimshukuru. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini kwenye tope, na sikulia, nilikuwa nawaza tu kwamba ule mkokoteni ulikuwa umeshafungwa kamba.

Jumatatu, 12 Mei

Bosi anaandaa taarifa. Anataka iandikwe kwamba msomaji wa nguzo ya juu hakutuma kipimo, ametuma maneno, kinyume na utaratibu. Alinipa rasimu nisaini kama shahidi. Alikuwa mpole sana, aliniita dada, akaniambia nina msiba na hakuna anayetaka kuniongezea.

Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia mzee aandike anachokiona. Akasema hilo halipo kwenye maandishi popote, nisijitafutie. Nikasema basi nitaliandika. Mwalimu akasogeza kiti.

"Safu ni yangu," alisema. "Niliigeuza mimi. Na hilo swali nililisoma nikasema ni safi."

"Sifuri ni yangu," nikamwambia.

Tukabaki tunatazamana kama watu wanaogombania kitu cha thamani. Rasimu haikusainiwa. Bosi ametoka bila kuaga, na sijui kesho tutakuwa na kazi au tutakuwa tumemwaga unga. Kwa leo sijali.

Alasiri nilimpigia Bwana Kavu. Siwezi tena kumwita hivyo ofisini, mtu akilitaja natoka chumbani. Alinipa pole kabla sijasema kitu, habari zilishamfika.

"Nilituma mara tatu, binti," alisema. "Niliona labda nimekosea maneno."

Nikamwambia hakukosea. Nilimwambia alichoandika kilikuwa sahihi kuliko namba yoyote, na mimi ndiye niliyeipa mashine amri ya kutokisikia. Akasema haya. Sijui kama alinielewa, na sijui kama ninataka anielewe.

Jumatatu, 19 Mei

Mdogo wangu na mtoto wamehamia kwangu. Analala chumbani kwangu, mimi sebuleni.

Leo nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele, nikakaa mbele yake na kumweleza, safari hii bila safu wala tarakimu. Nilisema: taarifa ilikuja, ilikuja mapema, na mimi nilikuwa nimeiambia mashine kwamba taarifa ya namna hiyo haina maana. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Akaniambia, "Mume wangu alikuuliza mara moja tu kama kitalia, dada. Angekuuliza mara mbili ungefikiri."

Akaenda kuosha mchele.

Jumatano, 11 Juni

Kiangazi kimeingia. Bosi amehamishwa, Mwalimu na mimi tumebaki kwa barua ya onyo, na safu sasa ni mbili: moja ya namba, nyingine ya maneno. Nimekataa neno lolote lihesabiwe sifuri. Likiingia neno, liwe lipi, simu yangu inalia kwa sauti ya king'ora kile kile, na haizimiki mpaka nimpigie aliyelituma na kumsikia kwa sikio langu. Mwalimu anasema nitachoka. Nimeshachoka.

Nguzo mpya ya juu imesimikwa, ndefu kuliko ya zamani. Mto chini yake umekauka. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai simu inalia, nampigia mzee, ananiambia, "Ni kavu, binti," nami namwambia nimesikia, baba, asante.

Kila inapolia mdogo wangu anatoka chumbani, mtoto begani akiwa na kiatu kimoja tu mguuni, anasimama mlangoni mpaka nimalize kuongea. Nimemweleza mara nyingi kwamba ni ya ukame tu, aendelee kulala. Leo nimemwomba samahani, nikamwambia nitaipunguza sauti.

"Usiipunguze," akasema. Akamkalisha mtoto kwenye kiti, akainama kumtafutia kiatu cha pili.